Dereva na Jerikeni Nne za Chalbi

Siku ya kwanza alipokuja dukani kwangu alitaka mikanda miwili ya feni. Nikamuuliza wa pili ni wa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana miguu miwili.

"Wa kwanza ni wa kwenda," alisema. "Wa pili ni wa kurudi."

"Kurudi kutoka wapi?"

"Chalbi."

Mimi ni Mkuria wa upande wa Isebania. Nauza spea mjini Migori tangu binti yangu Boke akiwa mgongoni, na Chalbi nilikuwa nimeiona kwenye ramani ya shule tu, doa la manjano huko juu karibu na Ethiopia. Mtu wa huku akisema anasafiri, anakwenda Kisii, au Kisumu, au anavuka mpaka kununua mchele Sirari. Huyu alikuwa anajiandaa kwenda jangwani, ng'ambo ya Marsabit, na alijiandaa kwa miaka tisa.

Kila mtu alimwita Dereva. Mchungaji alimwita hivyo, chifu alimwita hivyo, na nadhani hata yeye mwenyewe angeitwa kwa jina lake asingegeuka. Alikuwa mrefu, mkavu, na masikio yake yalikuwa na makovu ya kuungua na jua. Nyuma ya nyumba yake kule Oruba alikuwa na gari la fo-wili, lile la magurudumu yote manne kuvuta, lililokaa juu ya mawe, bila injini, bila milango, kuku wakitagia ndani. Akipata kibarua cha kuendesha lori la miwa, mwezi ule gari linapata rejeta. Akikosa, kuku wanaendelea kutaga.

Vijana wa bodaboda walimcheka. "Mzee, hiyo ndinga ikipona unaenda nayo wapi? Sahara?"

"Naenda kuchukua kitu yangu," alijibu.

Hakuwa mtu mzuri wa kukaa naye. Niseme hivyo mapema, maana tangu mambo yale yatokee watu wa Migori wamemfanya mtakatifu. Alikuwa na ulimi wa kiwembe. Mke wake alimwacha na kurudi kwao Rongo, na nilipomuuliza sababu alisema, "Alichoka kusikia habari ya maji." Ni kweli alichosha. Ungemkaribisha chai angeuliza maji ya kuchemsha yalipimwa au yalimwagwa tu kwenye sufuria. Mvua ikinyesha, na Migori mvua inajua kunyesha, alisimama chini ya mchirizi wa duka langu akiangalia maji yakikimbia kwenye mtaro, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeona wengine wakila mbele yake.

Lakini mbwa wa soko walimfuata. Alikuwa na bakuli la bati alilojaza maji kila asubuhi na kuliweka kando ya barabara, na ole wako ukilipiga teke kwa bahati mbaya.

Kanisani alikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Kila Jumapili, wakisimama kusali Baba Yetu, yeye alitoka nje. Wakimaliza, alirudi. Mwanzoni nilidhani anakwenda haja. Siku moja nikamfuata, nikamkuta ameegemea ukuta, mikono mfukoni.

"Kuna mstari pale," aliniambia, "ule wa kusamehe waliotukosea. Mimi sisemi uongo mbele ya Mungu. Nikitaka kusema uongo niko na soko yote hii."

Siku hiyohiyo, tumesimama pale ukutani, alinieleza nani aliyemkosea. Wakati mkutano ndani ulikuwa unaimba wimbo wa sadaka, akanieleza yote kama mtu anayesoma orodha.

Zamani alikuwa dereva wa kampuni ya kupeleka watalii kaskazini. Mwenye kampuni alikuwa mtu wa kwetu huku, wa Homa Bay. Yeye alimwita Mkubwa tu. Safari hiyo walikuwa na magari mawili. La mbele lilibeba wageni na Mkubwa mwenyewe. La nyuma lilibeba mahema, chakula na maji, likiendeshwa na Dereva, na kando yake alikaa mpishi, kijana wa Muhuru Bay aitwaye Ochola. Ni jina Wajaluo wanalompa mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa ameshafariki. Mama yake alikuwa na huyo mmoja tu.

Kwenye ukingo wa Chalbi gari la nyuma lilianza kuzama kwenye mchanga. Mkubwa akasema lipunguzwe mzigo. Wageni walikuwa na viti vyao, meza yao, kreti zao za vinywaji, na hivyo havikuguswa. Zikashushwa jerikeni nne za chuma zilizojaa maji. Zikafichwa nyuma ya mawe meusi, kwamba zitachukuliwa wakirudi.

Kesho yake ekseli ikakatika. Mkubwa akasema, "Kaeni na gari. Lisiachwe hata dakika moja. Kesho naleta spea." Akaondoka na wageni. Alirudi siku ya tano.

Siku ya tatu, yale mawe meusi yakiwa nyuma mwendo wa siku nzima kwa gari, Dereva alitoka kwa miguu kutafuta kisima. Ochola alikuwa na homa, asingeweza kutembea, na wote wawili walikuwa wameagizwa wasiache gari. Dereva akaokotwa na wachungaji wa ngamia, amelala kifudifudi, ulimi umetoka. Ochola alifia chini ya gari, kwenye kivuli.

"Na unajua Mkubwa aliandika nini polisi?" Dereva aliniuliza. "Kwamba gari ilikuwa na maji ya kutosha. Kwamba dereva alikunywa maji ya mwenzake akatoroka."

Walimfunga wiki kadhaa, wakamwachilia kwa kukosa ushahidi, lakini jina lilikuwa limeshaoza. Hakuna kampuni iliyomchukua tena. Mama ya Ochola aliletewa sanduku lililopigiliwa misumari na maneno ya Mkubwa. Akaamini.

"Zile jerikeni ziko na namba ya kampuni," Dereva alisema. "Zimepigwa rangi. Ziko pale tu. Jangwa haliozeshi kitu. Nitaziendea."

Ndani walikuwa wamemaliza kuimba. Tukarudi kukaa.

Kutoka siku hiyo sikumcheka tena, na sikumpunguzia maneno pia. Nilimwambia waziwazi kwamba mimi simsaidii kwa huruma. Nilikuwa nimeshamwona huyo Mkubwa kwenye harusi moja Homa Bay, ana hoteli kando ya ziwa, anatembea kama aliyechimba ziwa lenyewe kwa jembe lake. Nilitaka kumwona akianguka. Dereva akafurahi.

"Hiyo ndiyo sababu ya kweli," alisema. "Watu wa huruma wanachoka njiani."

Mipango yake ilikuwa kwenye daftari tatu za shule. Aliandika kila kisima kati ya Marsabit na Kalacha, na kando ya kila kisima, jina la mtu wa kuulizwa. Alipiga simu kwa madereva wa malori ya ng'ombe kujua wapi mvua ilinyesha, maana chumvi ya Chalbi ikilowa inameza gari hadi kwenye dirisha. Maji hayakuwekwa kwenye chombo kimoja kamwe. Aliyagawa kwenye vyombo kumi na viwili, kimoja kikipasuka vibaki kumi na kimoja. Alijua magurudumu yapunguzwe upepo kiasi gani kwenye mchanga na yajazwe tena wapi kabla ya mawe. Alitengenezewa na fundi vipande viwili vya bati nene lenye matundu, vya kutandika chini ya gurudumu likizama. Na alikuwa na sheria moja isiyobishiwa: jangwani haiendi gari moja.

"Gari ya pili ni yangu basi," nilimwambia. Nilikuwa na pikapu ya kubebea mizigo, nayo ilikuwa fo-wili.

"Mama Boke, wewe umezoea lami ya Isebania."

"Nifundishe."

Gari lake lilipopata injini mwishowe akanifundisha, na alikuwa mwalimu mkali kuliko walimu wote niliowahi kuwaogopa. Tulikwenda Nyatike kwenye vumbi na mawe. Tulikwenda Muhuru Bay, ufukweni, kwa sababu pale kuna mchanga. Akanizamisha makusudi, akazima injini yake, akakaa kwenye kivuli akisema, "Toka." Nilichimba kwa mikono tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Nilimtukana kwa Kikuria, na yeye hajui Kikuria, lakini alicheka kama aliyeelewa kila neno.

Ni siku hiyo nilipomwona mama ya Ochola. Alitoka kati ya nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani, zilizotandazwa juani, kikongwe mdogo aliyejifunga leso kiunoni. Dereva alivua kofia. Kumbe kila mwaka alikuwa akimpelekea sukari na majani, na kila mwaka zinabaki langoni mpaka kuku wazitoboe.

"Mama," alisema, "nimekuja kukusalimia."

Kikongwe akaokota jiwe. Alilirusha vizuri, likapiga taa ya mbele ya lile gari la miaka tisa, ikapasuka.

"Ulikunywa maji ya mtoto wangu," alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Unakuja kuniletea majani ya chai?"

Dereva aliokota vioo kimoja kimoja, asije mtoto akajikata. Njiani aliniambia kitu kimoja tu: "Unaona kwa nini naziendea?"

Tuliondoka Migori mwezi wa Februari, ardhi ikiwa kavu. Sitasimulia barabara yote. Mpaka Marsabit siku hizi ni lami tupu. Kutoka pale tuliteremka kwenye joto ambalo sijui nilifananishe na nini; upepo wake ulikuwa kama pumzi ya mtu mgonjwa. Dereva alitangulia. Aliendesha polepole kuliko punda, anashuka, anagusa mchanga kwa kiganja, anapanda. Saa za mchana mkali tulisimama chini ya turubai na kunywa kwa kikombe kidogo cha dawa ya watoto. Aliyenijua nikipiga kelele sokoni asingeamini nilivyonyamaza.

Kalacha tulimpata mzee mmoja wa Kigabra, mfugaji wa ngamia mwenye ndevu nyekundu za hina. Alimtazama Dereva kwa muda mrefu, halafu akamshika masikio yote mawili, yale yenye makovu, akacheka. Alikuwa mmoja wa waliomwokota. Aliongozana nasi.

Mawe yalikuwepo. Mlima mdogo mweusi, na chini yake tundu lililozibwa kwa mawe yaliyopangwa na mkono wa mtu. Dereva alienda moja kwa moja. Hakuangalia daftari, hakupima, hakusita hata hatua moja, nami wakati ule nilisema moyoni, mtu huyu ana kumbukumbu ya ajabu.

Zilikuwa tatu. Alihesabu mara mbili. Mzee wa Kigabra akasema huenda mtu aliyepotea aliikuta ya nne akaichukua.

"Basi moja ilinywewa," Dereva alisema. Akaketi chini kwenye mawe yale ya moto na hakusimama mpaka mzee alipomwinua.

Rangi ilikuwa imebabuka, lakini namba na alama ya kampuni zilisomeka. Tulipiga picha zikiwa pale ndani ya tundu, mzee akiwa amesimama kando. Tukapakia.

Homa Bay tulifika siku ya sherehe, na hilo halikuwa bahati. Dereva alikuwa ameliandika kwenye daftari pia. Mkubwa alikuwa anafungua ukumbi mpya wa hoteli yake. Kulikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe, samaki wa kukaanga, wachungaji wawili, wazee wenye kofia. Mimi niliingia kwa kuwa nimevaa vizuri. Dereva aliingia kwa mlango wa jikoni, amebeba jerikeni begani kama mtu anayeleta mafuta, na hakuna aliyemzuia.

Aliitua katikati ya meza ya Mkubwa, juu ya kitambaa. Sahani ziliruka.

"Huyu ni nani?" Mkubwa aliuliza.

"Unanijua."

Mkubwa aliangalia jerikeni. Niliona macho yake yakisoma ile namba. Uso haukubadilika, lakini mkono uliokuwa na uma ulishuka taratibu mpaka mezani.

Dereva alifungua kifuniko kwa bisibisi. Akachukua glasi ya Mkubwa, akamwaga soda iliyokuwemo sakafuni, yeye ambaye hakuwahi kumwaga hata tone, akaijaza. Maji yalitoka mekundu ya kutu.

"Kunywa," alisema. "Ni maji yako. Yale uliyoandika polisi kwamba nilikunywa mimi. Nimeyaleta, hayajaguswa."

Mkubwa akaita askari, akasema mlevi atolewe. Lakini kando yake alikuwa amekaa binti yake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ndiye msimamizi wa hoteli. Aliinua mkono, askari wakasimama. Akaichukua ile glasi, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba," alisema, "ulituambia maji yalikuwa kwenye gari."

"Si mahali pa kuongea hayo."

"Ulituambia hivyo miaka yote. Ulituambia dereva aliyanywa."

Nilimpelekea binti simu yangu, akaziona picha. Akairudisha glasi mbele ya baba yake. Mkubwa alikaa vile, mtu mzima mwenye tai, mbele yake glasi ya kutu, na watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja bila kuaga, mchungaji wa kwanza, mchungaji wa pili. Ninakiri nilifurahi. Nilikula samaki wake nikiwa nimesimama, nikamaliza.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Tuliagana na Dereva Oruba, akanishukuru kwa maneno mawili, na baada ya wiki moja nyumba yake ilikuwa imefungwa. Nikasikia ameuza gari lake kwa mtu wa Rodi Kopany. Simu haikushikwa. Nilikasirika, maana nilijiona nimetumika.

Mwishoni mwa Julai nilipeleka spea ya injini ya mashua Muhuru Bay. Nilipokuwa naondoka nilimwona mtu mrefu ameinama kati ya nyavu, anatandaza omena kwa viganja, samaki kwa samaki, ili wasishikane. Yule kikongwe alikuwa ameketi kivulini na fimbo.

"Dereva?"

Alinyoosha mgongo kwa shida. Alikuwa amekonda zaidi, na mikono yake ilikuwa na magamba mpaka kwenye viwiko.

"Mama Boke. Umefika."

"Unafanya nini hapa?"

"Naanika."

Akanieleza akiwa amesimama, sauti ya chini. Binti ya Mkubwa alimleta baba yake hapa, amwambie mama ukweli. Mama hakumpa kiti wala maji. Alimsimamisha uani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akamfanya arudie habari yote mara tatu, mpaka Mkubwa akashikwa na binti yake asianguke. Dereva alikuwa langoni, ameitwa ashuhudie. Alikuwa amesubiri siku hiyo miaka yote.

"Halafu Mkubwa akasema, 'Mimi niliamuru, lakini aliyezishusha ni huyu.' Akaninyooshea kidole. Mama akageuka akaniambia, 'Sasa wewe.'"

"Si uliamriwa?"

"Niliamriwa." Alifuta mikono kwenye suruali. "Ochola alikataa, Mama Boke. Alipanda juu ya zile jerikeni akakaa. Akasema hapa hakuna atakayenitoa, haya ni maji ya watu wawili. Mkubwa alikuwa kwenye gari ya mbele, hakumwona hata. Mimi ndiye nilimwona. Nilimshika mkono nikamvuta chini. Nikamwambia nyamaza, utatufukuzisha kazi. Nikazibeba mimi, nikazipanga mimi, nikaziba na mawe mimi."

Nilikumbuka alivyoliendea lile tundu bila kusita hatua moja.

"Na mama ulimwambia hayo?"

"Nilimwambia. Siku ya tatu akanipa karai."

Kikongwe alipiga fimbo chini. "Wewe ndiye Mama Boke? Uliendesha gari ya pili?"

"Ndiyo, mama. Oyaore," nikamsalimia kwa Kijaluo.

"Njoo ukae."

Nilikaa kwenye kigoda kando yake. Akanimiminia uji kwenye kikombe cha udongo, uji mzuri wa wimbi, akanipa na kipande cha kiazi kitamu. Dereva alirudi kuinama. Jua lilikuwa linampiga mgongoni na hakuwa na kofia.

"Mama," nilisema, "na yeye hanywi?"

"Atakunywa jioni."

Nilikunywa. Nilitafuta maneno ya kumtetea na nikajiuliza kama nilikuwa nayataka. Mwisho nikamuuliza tu ataachiliwa lini, maana ni mtu mzima, na Migori ana nyumba.

Kikongwe aliangalia nyavu, hakuniangalia mimi. "Mtoto wangu alikaa siku ngapi kule?"

"Tano."

"Na kiu ilianza siku gani?"

Nilitazama upande wa Dereva anisaidie. "Ya pili," alijibu yeye, akiwa ameinama.

"Huyu ana miezi mitano hapa," kikongwe aliniambia. "Hakuna mtu amefunga lango. Akitaka kwenda, aje hapa mbele yangu aseme amechoka. Nataka kusikia akisema."

Dereva alisikia kila neno. Alimaliza wavu ule, akanyoosha mgongo, akachukua karai lingine.